Sanduku, Kofia na Barua: Kumbukumbu za Mtoto wa Shule ya Bweni ya Kiingereza



Kila mtu aliyepata kusoma ana kitu kimoja au viwili vya siku zake za shule ambavyo hakubali vitupwe. Pengine ni daftari kuukuu, pengine ni picha ya timu ya mpira, pengine ni cheti kilichoanza kuliwa na mende. Kwa thamani ya fedha vitu hivyo si kitu. Lakini mwenye navyo akivishika mkononi hukumbuka sauti ya kengele, harufu ya chaki, na nyuso za wenzake ambao baadhi yao wamekwisha tangulia mbele ya haki.

Hotuba hii inahusu vitu vya namna hiyo vilivyotoka katika shule za bweni za zamani za Uingereza, na hasa inahusu fungu moja la barua. Barua hizo ziliandikwa na mtoto mmoja kwa mama yake, na habari zake zinampasa kila mzazi aliyepata kumfungia mwanawe sanduku na kumpeleka shule ya mbali.

SHULE ZENYEWE

Shule hizo ni za siku nyingi sana. Shule ya Winchester iliasisiwa mwaka 1382, na ile ya Eton iliasisiwa na Mfalme Henry wa Sita mwaka 1440. Christ's Hospital ilianza London mwaka 1552, Repton mwaka 1557, Rugby mwaka 1567, na Harrow mwaka 1572. Jina la Kiingereza la shule za namna hii lina maana ya shule za watu wote, lakini mtu asidanganyike na jina. Si shule za Serikali, na karo zake ni kubwa. Nyingi zilianzishwa ili kuwasomesha watoto wa maskini, lakini kadiri miaka ilivyopita zikawa zaidi za watoto wa matajiri na wakubwa. Christ's Hospital ni moja iliyoshika zaidi kusudi lake la kwanza, kwa maana hata leo huwasaidia kwa karo watoto wengi ambao wazazi wao hawana uwezo.

Desturi ya Waingereza wenye mali ilikuwa kumpeleka mtoto wa kiume katika shule ndogo ya bweni akiwa na umri wa miaka minane au tisa, kisha akifika miaka kumi na mitatu huingia katika shule kubwa. Alirudi nyumbani wakati wa likizo tu. Kwa hiyo katika miaka kumi ya utoto wake, miezi mingi zaidi aliishi na walimu na wenzake kuliko na baba na mama.

VITU WALIVYOWEKA

Mtoto aliyelelewa hivyo alikuwa na vitu vichache vilivyokuwa vyake mwenyewe, navyo ndivyo vilivyokuja kuwa ukumbusho.

Cha kwanza ni masanduku. Mtoto alikuwa na sanduku kubwa la nguo, na pamoja nalo sanduku dogo la mbao lenye kufuli, ambalo jina lake liliandikwa juu kwa rangi nyeusi. Ndani ya sanduku hilo dogo aliweka keki aliyopikiwa na mama, biskuti, machungwa, na kila takataka ambayo mtoto huiona ni hazina: kamba, gololi, kisu kidogo, mabaki ya toi. Hata mwalimu hakulifungua bila sababu. Katika nyumba yenye vitanda arobaini vinavyofanana, sanduku hilo lilikuwa ndiyo nyumba yake.

Cha pili ni mavazi. Wanafunzi wa Christ's Hospital mpaka leo huvaa joho refu la buluu na soksi ndefu za manjano, mavazi yaliyotokana na yale ya karne ya kumi na sita. Wengine walitunza tai, na wengine kofia. Katika baadhi ya shule hizo, mvulana aliyechaguliwa kuingia katika timu ya shule alipewa kofia maalumu, na kofia hiyo aliitunza mpaka uzeeni. Wapenzi wa mpira watafurahi kujua kwamba desturi hiyo ilitoka nje ya shule ikaenea duniani. Mwaka 1886 Chama cha Mpira cha Uingereza kilikubali kuwapa kofia wachezaji waliochezea nchi yao, na ndiyo sababu hata leo Waingereza huhesabu mechi za mchezaji wa taifa kwa kofia, ingawa kichwani hana kofia yoyote.

Cha tatu ni jina lililochongwa. Katika shule ya Harrow kuna chumba cha darasa cha zamani ambacho kuta zake za mbao zimejaa majina yaliyochongwa na wanafunzi. Miongoni mwao yamo jina la Byron, aliyekuja kuwa mshairi mashuhuri, na la Robert Peel, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu. Huo ni ukumbusho wa namna nyingine, kwa kuwa hapa si mtoto aliyechukua kitu cha shule, bali ni shule iliyobaki na alama ya mtoto.

Cha nne ni vitu vilivyowekwa na waliobaki nyuma. Vita vya mwaka 1914 mpaka 1918 viliwaua vijana wengi waliotoka shuleni na kwenda moja kwa moja vitani. Katika shule ya Eton peke yake, waliokufa walikuwa zaidi ya 1,100. Katika nyumba nyingi, kofia ya shule na fungu la barua ndivyo vitu pekee ambavyo mama alibaki navyo, kwa kuwa mwanawe alizikwa Ufaransa au hakuonekana tena.

BARUA ZA KILA JUMAPILI

Lakini kati ya vitu vyote, barua ndizo zinazosema zaidi. Hapa inafaa kueleza habari za Roald Dahl, mwandishi aliyejulikana ulimwenguni kote kwa vitabu vyake vya watoto.

Roald Dahl alizaliwa tarehe 13 Septemba 1916 huko Llandaff, karibu na mji wa Cardiff katika Wales. Wazazi wake walikuwa Wanorwe. Mwaka 1920, alipokuwa na miaka mitatu, dada yake wa miaka saba alifariki kwa ugonjwa wa kidole tumbo, na baada ya majuma machache baba yake naye akafariki. Mama yake, Sofie Magdalene, angeweza kufunga mizigo na kurudi kwao Norwe kwa ndugu zake. Hakufanya hivyo, kwa sababu marehemu mume wake alitaka sana watoto wao wasome katika shule za Kiingereza, ambazo yeye aliziamini kuwa ndizo bora duniani. Mjane huyo akautimiza wosia wa mume wake.

Basi mwaka 1925 Roald, mwenye miaka tisa, akapelekwa shule ya bweni ya St Peter's katika mji wa Weston-super-Mare. Mji huo uko upande wa pili wa mkono wa bahari, ukitazamana na nchi ya Wales. Mtoto akalala usiku wa kwanza mbali na kwao. Baadaye alieleza kwamba kitandani alikuwa akijigeuza mpaka uso wake uelekee upande wa bahari, ng'ambo yake ambako nyumba yao ilikuwako, na hakuthubutu kulala akiipa nyumba yao kisogo.

Shuleni hapo kulikuwa na desturi kwamba kila Jumapili asubuhi, kabla ya kwenda kanisani, wavulana wote wakae na kuandika barua kwa wazazi wao. Roald aliandika barua yake ya kwanza mwezi wa Septemba mwaka huo wa 1925. Alisema kwamba anafurahi sana, kwamba wanacheza mpira kila siku, na kwamba vitanda havina springi. Tena akaomba apelekewe kitabu chake cha stempu. Mtu akiisoma barua hiyo atasema, huyu ni mtoto mwenye raha.

Lakini raha haikuwako. Roald aliwakumbuka watu wa nyumbani hata akafanya hila. Alikuwa amemwona dada yake mkubwa akiugua kidole tumbo, naye akajua dalili zake. Akashika tumbo, akalia, akajidai mgonjwa, mpaka akarudishwa nyumbani. Daktari wa kwao aliutambua uongo ule mara moja. Akazungumza naye kwa upole, akampa siku chache za kukaa kwa mama yake, kisha akamtaka arudi shule na asifanye vile tena.

Kwa nini basi barua zisiseme ukweli? Yeye mwenyewe alieleza sababu katika kitabu chake kiitwacho Boy, kilichotoka mwaka 1984. Wakati watoto walipokuwa wakiandika, mwalimu mkuu alikuwa akipita nyuma yao, akisoma juu ya mabega yao, kana kwamba anasahihisha tahajia. Hakuna mtoto aliyethubutu kuandika kwamba chakula ni kibaya, au kwamba amechapwa henzerani kwa kosa ambalo hakulifanya. Kwa hiyo barua ilikwenda kwa mama ikiwa imevaa nguo nzuri, na mtoto akabaki shuleni na majonzi yake.

Jambo hili linafaa kufikiriwa sana. Barua ni kitu cha kweli: karatasi ni ya kweli, mwandiko ni wa mtoto mwenyewe, na muhuri wa posta una tarehe. Hata hivyo kitu cha kweli chaweza kuficha ukweli. Anayetunza ukumbusho ni lazima ajue kuusoma, wala asitosheke na kuutazama.

REPTON

Baada ya St Peter's Roald alihamia shule ya Repton, akakaa huko mpaka mwaka 1934. Katika shule kubwa za wakati ule wavulana wadogo walikuwa watumishi wa wakubwa. Walipiga viatu rangi, walifagia vyumba, walichoma mkate. Asubuhi za baridi kali Roald alitumwa akae juu ya kiti cha choo cha nje ili kipate joto kabla mkubwa wake hajafika. Alikwenda huko na kitabu mkononi, na kwa namna hiyo, alisema, akavisoma vitabu vingi vya Charles Dickens. Viranja walikuwa na ruhusa ya kuwachapa wadogo, nao walitumia ruhusa hiyo. Roald mwenyewe alikuwa mchezaji hodari na nahodha katika michezo, lakini hakufanywa kiranja. Yeye aliamini sababu ni kwamba walimu walijua asingekubali kuwachapa wengine.

Ukumbusho wake mwingine wa Repton ulikuwa mtamu zaidi. Kampuni ya Cadbury ilikuwa ikiwaletea wavulana maboksi ya chokoleti mpya ambazo bado hazijauzwa madukani, ili wazionje, wazipe maksi, na waandike maoni yao. Mvulana yule alikuwa akiwaza vyumba vya siri ambamo watu wazima huvumbua chokoleti. Miaka thelathini baadaye mawazo hayo yakazaa kitabu chake, Charlie and the Chocolate Factory, kilichotoka Marekani mwaka 1964.

Zilibaki pia ripoti za walimu. Mmoja wao aliandika kwamba mvulana huyu hawezi kupanga mawazo yake katika maandishi, na kwamba huandika kinyume cha anachokusudia. Mwanafunzi aliyeandikwa hivyo alikuja kuuza vitabu kwa mamilioni. Wazazi wanaopokea ripoti ya mtoto na kumkatia tamaa siku ile ile na waikumbuke ripoti hiyo. Ripoti ya shule ni habari ya muhula mmoja. Si hukumu ya maisha.

DAR ES SALAAM NA NAIROBI

Roald Dahl aliendelea kumwandikia mama yake hata baada ya kumaliza shule. Alijiunga na kampuni ya mafuta ya Shell, na mwaka 1938 akapelekwa Dar es Salaam. Huko alijifunza Kiswahili. Barua zake zikaanza kubeba stempu za Tanganyika na habari za simba, nyoka, joto na watu wa pwani. Vita vilipoanza mwaka 1939, aliendesha gari kutoka Dar es Salaam mpaka Nairobi, akajiandikisha katika jeshi la ndege, na Nairobi ndiko alikojifunza kurusha ndege. Septemba mwaka 1940 ndege yake ilianguka jangwani, akaumia vibaya kichwani na mgongoni. Akapona, na mwaka 1941 akapigana angani huko Ugiriki. Wakati wote huo, popote alipokuwa, barua kwa mama hazikukoma.

Tabia hiyo aliipata wapi? Aliipata katika zile Jumapili za shule. Alilazimishwa kuandika, na lazima ikageuka kuwa desturi, na desturi ikageuka kuwa upendo. Yawezekana pia kwamba kalamu yake ilinolewa hapo, kwa kuwa mtu anayemwandikia mama yake kila juma hujifunza upesi kuchagua habari itakayomfurahisha msomaji.

FUNGU LENYE UTEPE

Mama yake alifariki mwezi wa Novemba mwaka 1967. Alipojua kwamba mwisho wake umekaribia hakumwambia mwanawe, kwa sababu mwana naye alikuwa amelazwa hospitali huko Oxford kwa kupasuliwa mgongo. Alimpigia simu tu, akamwuliza hali yake, akampa salamu zake. Siku iliyofuata akafariki.

Ndipo baada ya mazishi Roald Dahl akagundua jambo ambalo hakulijua kwa miaka zaidi ya arobaini. Mama yake alikuwa amezitunza barua zake zote, tangu ile ya kwanza ya mwaka 1925 mpaka za mwaka 1945. Zilikuwa zaidi ya 600, kila moja ndani ya bahasha yake yenye stempu, zimefungwa mafungu mafungu kwa utepe wa rangi ya majani. Mama hakupata kumwambia. Alizipokea, akazisoma, akazifunga, akanyamaza.

Barua hizo ndizo zilizomsaidia mwandishi alipoandika habari za utoto wake, na sehemu zake zilichapishwa kuwa kitabu mwaka 2016. Nyumba ya makumbusho yenye jina lake ilifunguliwa mwaka 2005 katika kijiji cha Great Missenden, alikoishi mpaka alipofariki mwaka 1990, nayo ina hazina kubwa ya maandishi yake.

Si yeye peke yake aliyetunziwa barua. Winston Churchill aliingia shule ya Harrow mwaka 1888, naye aliandika barua nyingi akimsihi mama yake aje kumtazama, na mara nyingi mama hakuja. Barua hizo nazo zipo, katika nyumba ya kumbukumbu ya Churchill mjini Cambridge. Mtu aliyekuja kuongoza taifa lake katika vita vya mwaka 1939 anaonekana humo ni mtoto anayemngojea mama mlangoni. Cheo hakikuwako bado, upweke ulikuwako.

YANAYOWAPASA WAZAZI

Mambo mengi yamebadilika tangu siku zile. Uingereza iliondoa viboko katika shule za Serikali mwaka 1987, na katika shule za watu binafsi za Uingereza na Wales mwaka 1999. Hapa Kenya viboko shuleni vilipigwa marufuku mwaka 2001, na sheria ya elimu ya mwaka 2013 ikakaza marufuku hiyo. Lakini shule za bweni zingali zipo, na kila mwanzo wa muhula vituo vya mabasi hujaa watoto wenye masanduku ya bati yaliyoandikwa majina kwa rangi. Sanduku hilo la bati ni ndugu wa lile sanduku la mbao la Waingereza. Mtoto aliyelikalia akingoja basi ana moyo ule ule.

Basi mzazi anaweza kupata mafunzo matatu katika habari hizi.

La kwanza, atunze. Waswahili husema: mali bila daftari hupotea bila habari. Utoto nao ni mali, na daftari yake ni barua, ripoti na picha. Zitiwe ndani ya bahasha, ziandikwe tarehe na majina, ziwekwe mahali pakavu ambapo mchwa na panya hawafiki. Anayeona leo kwamba ni makaratasi tu hajui ni nani atakayeyatafuta baada ya miaka arobaini.

La pili, asome na lile lisiloandikwa. Mtoto akisema kila mara kwamba mambo yote ni mazuri, wala asitaje jina la rafiki hata mmoja, yafaa mzazi afunge safari akamtazame. Akifika, aombe nafasi ya kuzungumza naye faragha, mwalimu asipokuwapo, wala asianze kwa kuuliza maksi. Aulize analala karibu na nani, anakula na nani, na usiku huwaza nini. Daktari yule wa Wales alipata ukweli kwa maneno machache ya upole, ukweli ambao barua hazikuweza kuusema.

La tatu linawahusu walimu. Mwalimu anayezuia mtoto asimweleze mzazi shida yake hulinda jina la shule kwa muda mfupi tu. Mtoto hukua, na akikua huandika. Yaliyofichwa Jumapili moja mwaka 1925 yalisomwa na ulimwengu mzima mwaka 1984. Shule inayotaka isifiwe na wanafunzi wake wa zamani na iwatendee haki wangali wadogo, maana hao ndio watakaoandika habari zake.

Sofie Magdalene Dahl hakuwa mwandishi wala mkuu wa nchi. Alikuwa mjane aliyefunga barua za mwanawe kwa utepe, juma kwa juma, kwa miaka ishirini. Kazi hiyo haihitaji mali, na kila mzazi aweza kuianza leo.